Vitabu Vilivyovalishwa Makoti

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe katoa tangazo. Alitukusanya sebuleni kwake, binti zake wawili na waume zao wawili, akatupanga kwenye viti kama darasa. Mwalimu hastaafu. Kinachostaafu ni mkono wa chaki. Jicho linabaki kazini.

Habari yenyewe: muuza viatu aliyepanga chumba cha mbele amehama. Chumba kile! Mlango wa barabarani, dirisha pana, mwanga wa kutunga uzi kwenye sindano bila kukodoa macho. Mama hataki mpangaji tena. Anataka kumpa mkwe wake afanyie kazi. Mkwe mmoja.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumbani kwetu, kati ya kitanda na kabati. Mke wangu hulala na vipande vya vitambaa. Jana aliamka na kola imemganda shavuni. Amesema mwaka huu ukiisha cherehani haijatoka chumbani, atatoka yeye. Hakusema kwa hasira. Alisema huku anakunja shuka, na hilo ndilo lililonitisha.

Mshindani wangu ni Mwanyumba, mume wa dada yake mke wangu. Kinyozi. Ananyolea watu barazani, na mvua ikianza wateja wanakimbia na nusu kichwa. Kwa hiyo naye anakitaka chumba. Mtu mpole, mcheshi, mkarimu. Simwamini hata chembe.

Mama akasema hivi. Jumamosi maktaba ina siku yake ya kusoma, asubuhi hadi jua lizame. Wakwe zake wote wawili wataingia, na atakayesoma vizuri ndiye atakayepewa ufunguo. Mwanamume asiyeweza kukaa na kitabu siku moja, alisema, hawezi kukaa na duka mwaka mzima. Kisha akanigeukia, akatabasamu, akasema lakini kwako hili si kazi, mwanangu, wewe wa kitabu kimoja kila wiki.

Hilo nililisema mwenyewe siku ya posa. Niliulizwa baada ya kazi napenda kufanya nini. Jibu la kweli lilikuwa kulala, nalo lisingefaa mbele ya wazee wa watu. Tangu siku hiyo kila tukionana huniuliza wiki hii nimesoma nini, nami hutunga. Nimemsimulia vitabu ambavyo hata mwandishi wake hajazaliwa.

Kitabu cha mwisho nilichokimaliza kwa kweli ni maelekezo ya cherehani. Sehemu ya tahadhari niliiruka.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda maktaba kupeleleza. Nilijifanya natafuta kitabu, nikapotea nyuma ya rafu za kilimo, mkutubi akaja kunitoa. Mtu mnene, muungwana, anaongea kwa kunong'ona hata akiwa nje barabarani.

Akanieleza masharti. Kila ukimaliza kitabu unakwenda kwenye meza ya pembeni, unamsimulia muuguzi mstaafu ulichosoma. Akiridhika anakugongea muhuri mkononi. Mwenye mihuri mingi ndiye mshindi. Nikauliza kwa nini muuguzi. Mkutubi akanong'ona kwamba yule mama kwa miaka mingi wodini amesikiliza watu wakiapa wamemeza dawa. Hadanganyiki.

Sharti la pili: kitabu lazima kiwe kinene kama kidole gumba cha mkutubi. Vyembamba ni vya watoto, havihesabiki. Anakilaza kitabu mezani, anakisimamishia gumba ubavuni, basi. Nimeliona gumba lenyewe. Ni gumba la mtu aliyenyonya vizuri.

Nikatoka nimenywea. Kitabu kimoja cha unene ule kitanimaliza mimi kabla sijakimaliza. Mlangoni nani? Mwanyumba. Anarudisha kitabu! Anayerudisha aliazima, na aliyeazima huenda alisoma. Akanikumbatia, akasema ameanza mazoezi, anasoma kidogo kidogo kati ya mteja na mteja. Akaniuliza mimi najiandaaje. Nikamjibu kwamba wiki hii nimepunguza kusoma, nisije nikaichosha akili.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa.

Mteja wangu, mwembamba kama ufito, anataka koti la kwendea usaili wa kazi. Nikamwekea sponji mabegani. Akasimama mbele ya kioo, akawa mtu mwingine kabisa, akaanza hata kuongea kwa sauti nzito. Nami nimesimama nyuma yake na pini mdomoni, akili imewaka kama taa. Ikiwa sponji inamfanya ufito kuwa bosi, itashindwa na kitabu cha watoto?

Nikafunga kazi, mbio hadi maktaba. Nikamwambia mkutubi kwamba nimeguswa sana na siku hii ya kusoma na ningependa kujitolea. Nivishe vitabu makoti. Majalada ya kitambaa, bure, vipendeze. Mkutubi alitaka kulia. Akasema katika miaka yake yote hakuna mtu aliyewahi kuviwazia vitabu mavazi.

Kisha akaniletea maboksi matatu yaliyojaa pomoni. Mimi nilitaka kuvalisha vitabu saba tu, vyangu, vyembamba, vya sungura na picha. Nikajikuta nimebeba vitabu vyote vya Jumamosi. Saba vyangu niliviokota rafu ya watoto na kuvichomeka boksini mkutubi alipogeuka kupenga kamasi. Ukarimu wa uongo una kazi kuliko wa kweli.

Makoti yote nayashona kwa kitambaa cha bluu, mabaki ya sare za shule. Vile saba nitavitia sponji hadi vilingane na gumba. Na ili nivitambue, nitavipitishia uzi mwekundu mgongoni. Vingine vyote uzi wa bluu. Hakuna atakayejua ila mimi na cherehani yangu, nayo haisemi.

Ijumaa, 7 Juni

Vidole sina. Tangu juzi nashona makoti ya vitabu. Koti la yule ufito limelala na mkono mmoja, naye kaja mara mbili kulilia usaili wake. Nimemwambia mwenye haraka hushonewa vibaya.

Nimegundua kwamba nimesahau kuandika majina ya vitabu kwenye makoti. Kwa nje vyote ni kitu kimoja, bluu tupu. Nikatuma salamu kwa mkutubi kuomba radhi. Akajibu kwamba ni vizuri zaidi, kila mtu atachukua asichokijua, kama maisha. Watu wa vitabu wana maneno.

Mke wangu kanisaidia leo mchana kutwa. Aliniambia hajawahi kuniona nikitoa kitu bure bila kulalamika, akanitazama kwa muda mrefu. Nikatazama sindano. Jioni ilibidi nimpelekee yule ufito koti lake na kulitia mkono wa pili kwake hadi usiku, nikamwachia mke wangu amalizie vichache vilivyobaki. Niliporudi, maboksi hayapo. Tayari yamepelekwa maktaba. Nani kayabeba? Mwanyumba, kwa baiskeli yake, safari tatu, jasho linamtoka. Nimecheka mpaka nikapaliwa. Mtu kabeba jeneza lake mwenyewe.

Nimeuosha mkono wa kushoto hadi kiwiko, mihuri ipate nafasi ya kutosha.

Jumamosi, 8 Juni, asubuhi

Naandika haya msalani, maktabani. Nimekwisha.

Nimeingia ukumbini kifua mbele. Watu wamejaa, Mama mkwe kakaa mstari wa mbele na miwani yake, mabinti zake kulia na kushoto. Meza ndefu, vitabu vyote juu yake, vimevaa makoti, vinapendeza hasa. Nikatafuta uzi mwekundu. Nikauona. Nikauona tena. Nikauona kila mahali. Kila kitabu kina uzi mwekundu mgongoni!

Nikamtazama mke wangu. Akatabasamu, akaniashiria kwa kidole, kama kusema umependeza, eti? Kumbe jana jioni kaviongezea vyote.

Nikasema moyoni, si neno, nitavipapasa, sponji inajulikana kwa mkono. Mkutubi akapanda juu ya kigoda akanong'ona sharti la mwisho: ukigusa, umechagua, na ulichochagua lazima ukimalize. Hili hakuniambia Jumanne.

Mwanyumba akachukua cha kwanza mbele yake. Nami nikafumba macho nikachukua changu. Kilikuwa kizito kama tofali. Mkutubi hakuhangaika hata kutoa gumba lake.

Jumamosi, adhuhuri

Msalani tena. Mkutubi kaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Mwanyumba ana mihuri mitatu. Sungura wangu anao yeye! Vile saba nilivipanga pamoja kwenye boksi moja, waliovitoa wakavitoa pamoja, vikawekwa fungu moja pembeni, na Mwanyumba kaketi mbele ya fungu hilo. Anafungua, anacheka, anafunga, anakwenda kumsimulia muuguzi, muuguzi anacheka, muhuri. Anarudi, anachukua kinachofuata. Kaniambia kwa mnong'ono kwamba hakujua watu wazima wanaandikiwa mambo matamu hivi.

Nilitaka kusimama niseme. Niseme nini? Nikisema vile ni vya watoto, wataulizana nani kamvalisha sungura koti. Nimekaa nimemeza mate. Mchimba kisima kaingia mwenyewe, na mwenzake anachota maji.

Kitabu changu kinahusu mjane mmoja na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Mashamba yao yanapakana. Huyo shemeji, kila baada ya siku chache, anasogeza jiwe la mpaka. Kidogo tu, unyayo mmoja, mjane asishtuke. Mshenzi huyu! Mtu mzima, ana watoto, ana ndevu, hana haya hata kidogo. Na mjane mwenyewe anampikia. Nilimtukana kwa sauti, mkutubi akaninyamazisha. Nataka kujua atakamatwa lini. Narudi ndani.

Jumamosi, jioni

Niko nyumbani. Macho yamevimba, na si kwa sababu ya kusoma tu.

Sikujua mchana umekwenda wapi. Sikula. Watu waliinuka, wakaketi, wengine wakakoroma na kuamshwa, mimi nipo na yule mjane. Taa zilipowashwa ndipo nilipofunga ukurasa wa mwisho na kwenda kwenye meza ya pembeni, miguu imekufa ganzi.

Nikaanza kusimulia. Nilidhani nitasema maneno mawili nigongewe muhuri niondoke. Lakini nilipofika kwenye lile jiwe, muuguzi akauweka muhuri chini. Akauliza, kisha? Nikamweleza jinsi shemeji alivyozidi kunogewa, kutoka unyayo hadi hatua, mpaka siku moja jiwe likamponyoka likamwangukia mguuni, asubuhi watu wote wakamkuta pale mpakani amelikumbatia, hawezi kwenda wala kurudi. Muuguzi akataka kujua mguu ulivunjika wapi hasa, akasema yeye angemfunga gango palepale na kumsema huku anamfunga. Nilipofika mahali ambapo mjane anamletea uji, sauti ikanikatika. Sijui nini kilinipata. Nilipogeuka, ukumbi wote unanisikiliza, na Mama mkwe kavua miwani.

Muhuri mmoja. Mmoja tu, katikati ya mkono msafi.

Mwanyumba, saba. Mkono wake unafanana na kifurushi cha posta.

Mama aliitazama mikono yetu yote miwili, akasema tuonane kesho nyumbani kwake. Njiani mke wangu alitembea mbele yangu. Nilipomuuliza anawaza nini, akasema anawaza kola gani ataamka nayo shavuni. Roho iliniuma.

Jumapili, 9 Juni

Ukweni. Viti vilevile, darasa lilelile. Nilivaa koti langu zuri.

Mama alianza na Mwanyumba. Akasema amefundisha watoto wadogo nusu ya umri wake, na kila sungura aliyesimuliwa jana anamfahamu kwa masikio. Hakutaka kumwaibisha mbele za watu. Mwanyumba akainamisha kichwa, akasema yeye alidhani ni bahati yake tu kupata vitabu vyepesi, na kwamba yule wa sungura na kobe kamsaidia sana. Mama akasema hana kosa, kasoma alichopewa. Kisha akasema mimi nimesoma kitabu kimoja, lakini nimekisoma mpaka kikanisoma. Akaingiza mkono mfukoni. Niliusikia ufunguo ukigonga. Mke wangu alinishika goti.

Hodi. Mkutubi.

Kaja kushukuru kwa makoti, ananong'ona. Na ana swali dogo. Asubuhi alipokuwa anarudisha vitabu rafuni, saba vilikuwa vyembamba kuliko nguo zao. Akafungua mfuko, akapanga sponji mezani, moja baada ya nyingine, kwa adabu zote. Sponji za mabega ya koti. Mle sebuleni mlikuwa na mwalimu mmoja, kinyozi mmoja, mkutubi mmoja, na fundi mmoja.

Nikasema sponji, kwa kawaida yake, huingia mahali bila mtu kujua. Mama akauliza, mara saba? Nikasema siku hizi sponji ni nyingi. Hata mimi sikujiamini.

Hapo mke wangu akaniita fundi. Akiniita mume wangu, nina amani. Akiniita fundi, nimeshapatikana. Akasema Ijumaa alikifungua kimoja chenye uzi mwekundu, akakutana na sungura amevaa kofia, akaelewa yote. Angevifumua, lakini muda hakuna. Basi akaviwekea vyote uzi mwekundu ili angalau mara moja maishani nikae na kitu hadi mwisho. Alijua nikienda na sungura kwa muuguzi, Mama angenijua kabla sijamaliza sentensi, na chumba kwaheri. Alisema yote hayo huku analia na kucheka pamoja, na dada yake akamshika mabega.

Nimeshangaa. Miaka yote hii nalala na mtu mwenye akili kama ile, naye anaitumia kwangu mimi.

Mama alizihesabu sponji, moja hadi saba. Hatimaye akatoa hukumu. Mmoja kasoma vya watoto kwa moyo safi. Mwingine kasoma cha watu wazima kwa hila. Mkiunganishwa, alisema, mnatoa mkwe mmoja wa kufaa. Basi chumba ni cha wote wawili, nusu kwa nusu, pazia katikati. Na pazia atalishona fundi, bila sponji.

Mwanyumba akaja kunipa mkono. Akasema atanyoa kichwa changu bure maisha yake yote. Nikamshukuru. Mkutubi akaomba arudishiwe sponji moja, kumbe kiti chake ni kigumu.

Jumanne, 11 Juni

Tumehamia. Cherehani imetoka chumbani kwa mlango uleule ilioingilia, tukiisukuma wanne. Leo asubuhi niliamka mapema nikamwona mke wangu kalala katikati ya kitanda, mikono kainyoosha huku na huku, hana hata uzi mwilini wa kumkera, anatabasamu usingizini. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Nimefurahi, nasema kweli. Sikumwamsha.

Chumba ni kizuri. Meza ya kukatia imeenea upande wangu, dirisha tumegawana. Wateja wa Mwanyumba wanaosubiri wanatazama vitambaa vyangu, na tayari mmoja kapimwa suruali akiwa na povu usoni. Ufito naye kaja, kapata kazi, anataka koti la pili lenye mabega mapana zaidi. Mwanyumba kaniletea chai. Mtu mwema sana, sina la kusema juu yake.

Pazia nimelishona zito, la kahawia, linafika chini. Kamba yake nimeifunga kwenye misumari miwili, mmoja ukuta huu, mwingine ukuta ule, katikati kabisa kama Mama alivyotaka. Kando ya kila msumari nimepigilia mingine ya akiba, kumi na mmoja, mmoja pembeni ya mwingine kwa upana wa kidole, kuelekea upande wa kinyozi. Mwanyumba kaniuliza ya nini. Nikamwambia ni ya kutundikia kofia.

Mchana alipokwenda kuchota maji nimeihamisha kamba, msumari mmoja tu, huku na huku. Akarudi, akapita, akaendelea na mteja wake, anapiga mluzi. Kiwiko kiligonga pazia kidogo, akaliomba radhi.

Sina haraka. Mvumilivu hula mbivu. Wiki ijayo msumari wa pili, na nitafika mapema kabla hajafungua.